Bi Huenda na Kopo la Bahasha

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtakwimu wa hospitali yetu atafunga mlango wa chumba namba kumi na mbili, atamkabidhi mlinzi ufunguo, na atakuwa amestaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Rasimu yangu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka thelathini". Aliisoma, akaikata kwa penseli, akaandika pembeni: zaidi kwa kiasi gani? Kwa hiyo msomaji asiwe na wasiwasi. Tarakimu zote zilizomo humu zimekaguliwa na mhusika mwenyewe. Ni sehemu ya mwisho tu ndiyo nimemficha.

Jina lake la kwenye faili wanalikumbuka wachache. Sisi tunamwita Bi Huenda, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mganga mkuu wa zamani alitandika mpira mpya kwenye ngazi, kisha akataka kuambiwa kwamba watu wameacha kuteleza. Alitaka "ndiyo" moja tu, aiweke kwenye taarifa yake aende nyumbani. Alichopata ni "huenda", na nusu saa ya maelezo kwamba wiki zile mpira ulipotandikwa ndizo pia wiki ambazo mvua ilikatika. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Alianza kama karani wa kumbukumbu, akajisomea takwimu kwa masomo ya posta, na akapewa chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa dobi. Kikokotoo chake cha kwanza kilikuwa na kitufe cha saba kilichogoma, akawa anakibonyeza kwa kizibo cha kalamu. Kompyuta ilipokuja alikitunza kikokotoo kile, akisema mashine mbili zikikubaliana analala vizuri.

Mezani kwake kulikuwa na kopo la biskuti ambalo halijawahi kuwa na biskuti kwa muda wote tuliomfahamu. Lilikuwa la bahasha. Ukienda na swali lako, hakugusi wewe wala data zako mpaka uandike kwenye karatasi mambo mawili: unadhani jibu ni lipi, na ni kitu gani kikionekana utakiri kwamba umekosea. Karatasi inafungwa, inatiwa koponi, na haifunguliwi mpaka hesabu iishe. Alisema binadamu akishaona jibu huapa kwamba alilijua tangu zamani. Hakuwa anatuonea. Na yeye aliandika yake kila mara, na bahasha zote zilifunguliwa bila kujali cheo.

Ndivyo alivyomnasa mtunza stoo wetu, ambaye aliapa kwamba glavu za katoni mpya zinatoboka kuliko za zamani. Bi Huenda alimwandikisha bahasha, akachanganya glavu mia tatu za zamani na mia tatu mpya zisijulikane ipi ni ipi ila kwa namba alizoziandika kwa siri, kisha wakazijaza maji moja baada ya nyingine kwenye korido. Jamani, ile korido! Wahudumu wa usafi hawakusema naye kwa siku mbili. Zilizovuja ni tisa mpya na nane za zamani, tofauti ambayo bahati tupu inaweza kuileta siku yoyote. Mtunza stoo alifungua bahasha yake mbele ya watu, akakiri, akachukua dekio.

Kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni ya wagonjwa, ni ile ya foleni ya kliniki. Kila mmoja wetu alijua kwa nini foleni ni ndefu: watu ni wengi. Bi Huenda alikaa benchi pamoja nao wiki sita, akiandika idadi ya wagonjwa, idadi ya madaktari, mvua, siku ya wiki, na mafaili yaliyotafutwa yasionekane. Kisha akafanya rigresheni, yaani hesabu inayoyaweka mambo yote mezani kwa pamoja na kuuliza kila moja linachangia kiasi gani peke yake, mengine yakiwa yametulizwa. Wingi wa watu ulichangia kidogo. Mafaili ndiyo yaliyotumaliza. Kabati likahamishwa kutoka ghorofani hadi nyuma ya dirisha la mapokezi, na wastani wa kusubiri ukashuka kutoka dakika mia moja na kumi hadi sabini na mbili. Alipoulizwa kama ni kwa sababu ya kabati, alijibu mnavyojua.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira ya ajabu, ametuambia kwamba binti yao alipomleta mchumba, mama mtu alinong'ona kuwa sampuli ya mtu mmoja haitoshi kutoa hitimisho. Lakini kwa kuwa binti alikwisha kutoa hitimisho lake, alikubali yaishe. Mkwe huyo leo ndiye kipenzi chake, na wajukuu wawili wanaandikishwa bahasha kabla ya kuambiwa kuna nini cha mchana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu, ingawa wenye kalamu nzuri kuliko yangu wapo. Miaka kumi na minane iliyopita nilikuwa muuguzi msimamizi wa wodi namba nne, ya upasuaji. Uongozi ulimwuliza Bi Huenda kama vidonda vya wagonjwa wangu vinaota usaha kuliko vya wodi namba mbili. Alihesabu wagonjwa mia mbili wa kila wodi. Kwangu walikuwa ishirini na wanne, kwa jirani yangu kumi na wawili. Akapima: kama wodi zote mbili zingekuwa sawa, tofauti kubwa hivyo ingejitokeza kwa bahati mara tatu au nne tu katika mia. Akaandika hivyo, akasaini. Kamati ikapanga kuketi Ijumaa, na sote tulijua ajenda ni kunivua usimamizi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini na mikono iliyochubuka kwa kunawa. Niliumia, sitaki kudanganya.

Siku ya kuanza kazi ile alikuwa amenipelekea karatasi na mimi niandike dhana yangu. Kwa hasira sikuandika dhana wala nini. Niliandika: "Njoo uone wanaoletwa kwangu." Nikaifunga, nikamrudishia kwa mhudumu.

Kwa sheria yake mwenyewe, hesabu ilipoisha alilazimika kuifungua. Jumatano asubuhi nikamwona mlangoni pa wodi, miwani imekaa upande. Hakuniomba radhi wala hakunisalimu sawasawa, aliomba daftari la kupokea wagonjwa. Na daftari hilo, kama wazee wa kazi mnavyokumbuka, lilikuwa na desturi yake: mgonjwa aliyepangiwa upasuaji aliandikwa kwa wino wa buluu, wa dharura kwa wino mwekundu. Karani wake hakuwahi kuliona daftari. Alikuwa amenakili kutoka kwenye fotokopi, na kwenye fotokopi wino wote ni mweusi.

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa akihesabu wekundu mpaka chakula cha mchana kikapita. Kwangu wa dharura walikuwa mia moja na sitini. Wodi namba mbili, arobaini. Alipowalinganisha wa dharura kwa wa dharura, kwangu walioota usaha ni ishirini na wawili kati ya mia moja na sitini, kwa jirani sita kati ya arobaini, yaani jirani alinizidi kidogo. Wa kupangiwa, mimi nilimzidi yeye kidogo. Akaingiza dharura, kisukari na muda wa upasuaji kwenye rigresheni yake, na wodi yenyewe ikabaki haina la kusema.

Ijumaa aliingia kwenye kikao ambacho hakualikwa. Waliokuwamo wanasema mwenyekiti alimwambia taarifa yake imeshapokelewa, haina haja ya nyongeza. Akajibu, "Sikuja kuongeza. Nilikosea, naomba karatasi yangu." Aliichukua mezani, akagawa mpya, akasimama mpaka mtu wa mwisho alipomaliza kusoma. Nilibaki na wodi yangu. Jumatatu iliyofuata safu ya dharura iliongezwa kwenye daftari, kwa maneno, na wino mwekundu ukapigwa marufuku.

Hii ndiyo sehemu ambayo hajaiona. Wiki iliyopita alikuwa akimwaga kopo na kumrudishia kila mtu bahasha zake. Mimi alinipa mbili, yangu na yake ya kazi ile. Ameandika kwa penseli: "Nadhani msimamizi wa wodi ya nne ni mzembe. Nitakiri nimekosea iwapo wagonjwa wake si sawa na wa wengine." Chini yake, kwa kalamu, tarehe ya Jumatano ile: "Nimekosea. Nimefurahi."

Nilicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Dada, nami nimekuandikia yangu. Inasema: "Nadhani tutaweza bila yeye. Nitakiri nimekosea iwapo nitashuka chumba namba kumi na mbili kumtafuta naye hayupo." Jumanne ulikuwa kwenye mapumziko, nikashuka na swali langu mkononi, nikagonga mlango mara mbili kabla sijakumbuka. Nimekosea.

Asante kwa kila "huenda". Ukae na fundi wako, na wajukuu, na kopo ambalo sasa linaweza kutiwa biskuti. Tunakutakia miaka mingi na mema tele huko uendako, na hili tunalisema kwa uhakika.