Akrostiki si Kiapo

Bwana Chifu, Bwana Mkaguzi wa Shule, wazee wa kanisa, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi juani: karibuni, na poleni.

Tumekutana hapa Nyeri, katikati ya Hali hii ya Hatari, kumuaga Mwalimu Gaudencia Khavere, anayerudishwa kwao Maragoli. Ningependa kusema kwamba amepandishwa cheo. Sivyo. Anaondoka kwa sababu ya neno moja, neno ambalo nimelieleza mpaka koo limenikauka. Leo nalieleza kwa mara ya mwisho, na wanaosinzia waamshwe.

Akrostiki ni shairi ambalo ukizisoma herufi za kwanza za mistari, kutoka juu kwenda chini, unapata jina. Basi! Watu hulitumia kumsifu bibi arusi, kumkumbuka marehemu, kumzoeza mtoto kuandika. Hapo kiapo cha waasi wa msituni kiko wapi?

Mwalimu aliwaambia wanafunzi watumie majina yao. Ngendo, binti wa Mzee Kahiga, akaandika:

Nyumba yetu ni mpya,
Giza likiingia tunafunga mlango.
Elimu naipenda.
Ng'ombe tunaye mmoja,
Dada yangu humkamua,
Ole wake akimwaga maziwa!

Homgadi, yule mlinzi wa serikali aliyekuwa akipekua mikoba langoni, akamuuliza, "Hii ni nini?"

Mtoto akajibu kwa fahari, "Ni akrostiki. Jina limefichwa."

Limefichwa! Jioni ile ile Mwalimu akachukuliwa hadi kambini. "Ngendo kwa Kikuyu ni safari," mkalimani wa kambi akasema. "Huyu mama anatuma watu msituni."

"Ngendo ni mtoto wangu wa darasa," Mwalimu akamjibu. "Yuko hapo nje, analia. Muulizeni."

Nani alimuuliza? Hakuna. Nilipokwenda kumtetea, nikamwambia sajini, "Bwana, hiyo ni akrostiki tu." Akanishika shati: "Na huyo Akrostiki anakaa kijiji gani?"

Jamani!

Ofisa Mzungu alipofika, baada ya wiki nzima, alisoma shairi akacheka, ati hata nyanyake alimwandikia moja kama hilo. Alicheka, na Mwalimu alikuwa amelala sakafuni wiki hiyo yote! Akaachiliwa. Kisha ikaja amri kwamba ahamishwe, "kwa usalama". Usalama wa nani?

Mwalimu, ulikuja kwetu mgeni, ukawafundisha watoto wetu kupenda kuandika. Tumekulipa vibaya, nami naona haya kusema kwaheri.

Lakini kuna jambo linaloniudhi zaidi. Tangu siku ile Ngendo hajarudi shuleni. Mzee Kahiga, usiangalie chini, nakusemesha wewe. Najua unaogopa, hata mimi naogopa. Lakini je, mtoto aache kusoma kwa kuwa watu wazima hawakuelewa neno? Umesema nini? Simama, Mzee, wakusikie.

"Atakuja Jumatatu."

Mwalimu Khavere, umesikia mwenyewe. Safiri salama. Nanyi wote, asanteni kwa kuuvumilia ukali wangu.