Wasifu wa Bah Skhembor Kharmalki, Mwalimu wa Chumvi na Chokaa

Bah (Bwana) Skhembor Kharmalki, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa hapa Sohra, vilimani, tarehe 3 Machi 1948, mvua ikinyesha, kama wanavyozaliwa karibu watu wote wa Sohra. Alikuwa mtoto wa Kong (Bi) Theilin, na baba yake alichoma mawe ya chokaa kwenye tanuri chini ya kijiji. Chokaa hiyo ndiyo watu waliyopaka kwenye tambuu. Mtoto aliilamba siku moja, ikamuunguza ulimi, akataka kujua ni kitu gani kinachouma hivyo. Swali hilo hakuliacha tena.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa hapa, kisha akaenda mjini Shillong, alikomaliza shahada ya kemia mwaka 1970. Huko alipanga chumba peke yake, akila wali na samaki mkavu wa kusaga. Alirudi Februari 1971 kufundisha, na hakuhama tena.

Wanafunzi wake hawajasahau somo la ioni. Hakuanza na ubao; aliwatoa watoto kwenye madawati. Sodiamu alinyoosha mkono mmoja, kwa kuwa ana chaji moja chanya, na kloraidi, mwenye chaji moja hasi, akaupokea kwa mkono wake mmoja. Hao wakawa chumvi. Kalsiamu alinyoosha mikono miwili. Haidroksaidi walikuwa watoto wawili, oksijeni na hidrojeni, waliobanana chini ya mwavuli mmoja wa majani wakitoa mkono mmoja tu nje. Kwa hiyo kalsiamu mmoja alihitaji miavuli miwili, na darasa likawa limeunda chokaa ya tambuu.

"Kampaundi haina chaji," alisema. "Ukiona mkono unaning'inia, hesabu yako haijaisha."

Binti mmoja mtundu, Daphisha, alimuuliza, "Kwa hiyo Bah, kloraidi ndiye anayehamia kwa sodiamu, kama mwanamume wa kwetu anavyohamia kwa mkewe akioa?"

"Ndiyo. Na viatu vyenye tope avivulie mlangoni."

"Na wewe Bah, unahamia lini kwa mtu?"

Darasa lilicheka. Naye alicheka, akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kuhusu ndoa, familia imeona heri iseme kama ilivyokuwa. Mwaka 1975 alimposa Kong Phidalia, muuguzi wa zahanati. Koo za mama zao zilikuwa na majina tofauti kabisa, hivyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Siku ya posa wajomba wa pande zote mbili walikaa ukumbini mwa mama yake kutajiana mabibi, kama inavyopasa, mpaka mmoja wao akataja jina ambalo mwenzake alikuwa amekwisha kulitaja. Koo hizo mbili zilitoka tumbo la bibi mmoja. Kwetu, ambako ukoo hufuata mama, huo ni ukoo mmoja, na kuoana ndani yake ni mwiko unaomtoa mtu kwao, akiwa hai na akiwa maiti.

"Skhem, huyu ni dada yako," mjomba wake alimwambia, Kong Phidalia akiwa pale pale. "Kuanzia leo mwite dada."

Sahani ya tambuu ikarudishwa jikoni.

Hakumwita dada. Hakumwita chochote. Kong Phidalia alihamia mji wa Jowai kikazi, akaolewa huko, akazaa, akafiwa na mumewe, akarudi Sohra kuishi ng'ambo ya bonde. Kwa desturi Bah Skhembor angeweza kwenda kwake kama kaka, akanywa chai, akawakemea watoto wake kama mjomba wao. Hakwenda hata mara moja. Aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ile ile ya mama yake, aliyoirithi mdogo wake, Kong Ibansara, akichemsha maji ya kikombe kimoja. Alikuwa mpweke sana, na nyumba nzima ilijua.

Mwaka 2006, karibu na kustaafu, mtoto mmoja alimuuliza ikiwa sodiamu na kalsiamu, wote wenye chaji chanya, wanaweza kushikana.

"Wanasukumana," alijibu.

"Hata wakipendana, Bah?"

"Hata wakipendana. Si kosa lao. Wamezaliwa hivyo."

Kikohozi kilimwanza mwaka 2022, na hospitalini Shillong walisema ni mapafu. Alifariki tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Kong Ibansara akiwa jikoni anamtengenezea uji. Hakukuwa na mtu chumbani.

Jana mchana Kong Phidalia alikuja, nguo zimelowa. Alipita katikati ya majirani waliokaa ukumbini, akaenda moja kwa moja kichwani pa jeneza, mahali wanapokaa dada za marehemu.

Kong Ibansara alimnong'oneza, "Kong, watu watasema."

"Waseme nini? Mimi ni dada yake. Humu humu ndimo nilimoambiwa."

Wazee wa ukoo waliinamisha vichwa. Kong Ibansara akasogea kwenye mkeka, akampisha. Kong Phidalia akaketi, na hapo ndipo alipolia.

Bah Skhembor ameacha wapwa watano, watoto wao, wanafunzi wake waliotapakaa vilima vyote hivi, na dada wawili: Kong Ibansara, na Kong Phidalia. Aliyechapa karatasi hii aliuliza kama hilo la dada wawili si kosa, akaambiwa aliache lilivyo.

Alale salama, na huko aendako asikae peke yake.