Miaka ya Kuandika kwenye Bango

Mbele ya duka la Bi Seol, katika kichochoro cha nyuma ya soko mjini Jeonju, kuna benchi ambalo halijawahi kusikia mtu akisema "sijui". Asubuhi hiyo wazee walikuwa na kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi, wakimsaidia kwa mawazo Mwalimu Tak, mwenye ukumbi wa taekwondo wa mlango wa pili, ambaye roho yake ilikuwa juu. Ukumbi mpya wa taekwondo ng'ambo ya barabara umejiandika "Miaka Elfu Mbili", na wazazi wanahamishia watoto huko. Fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi mlangoni pa Tak, brashi mkononi, akisubiri Tak amtajie idadi ya miaka yake.

— Weka elfu tatu, alisema Profesa, dereva wa teksi mstaafu. Picha zimechorwa kwenye kuta za makaburi ya wafalme wa kale. Wanaume wawili, mikono juu, wanapigana.

— Wale wanacheza ngoma, alisema Mzee Tofu, ambaye huuza tofu, ile jibini ya soya. Kitambi kile apigane na nani?

— Ndiyo staili yenyewe! Adui akicheka tu, unampa teke.

— Acha kamba zako. Elfu tano! Yule mama dubu wa hadithi za mababu, aliyejifungia pangoni na chui milia, wakila vitunguu saumu, mpaka akawa mtu akalizaa taifa letu. Eti chui alitoroka kwa njaa. Njaa gani? Alilambwa teke la shavu!

— Dubu alikuwa na mkanda gani?

— Mweusi, tena wa kuzaliwa nao.

Tak alicheka kwa shida. Yeye mwenyewe siku hizi huwavisha mikanda myeusi watoto wasiojua kufunga viatu. Akiwanyima, mama zao huwapeleka kwenye piano.

Bibi mmoja mpita njia, aliyemshika mjukuu mkono, akasimama kusikiliza.

— Samahani, wazee wangu. Mwalimu, wewe ulifundishwa na nani?

— Na marehemu Mwalimu Ok, mama.

— Na yeye je?

Profesa akachungulia kikombe chake. Tak alijua jibu, na hakuwahi kulisema hapa, maana lingeweza kumfungia ukumbi. Aliona aibu, kisha akajichukia kwa kuiona.

— Alijifunza karate, enzi Wajapani walipotutawala. Huko huko Tokyo.

— Weee! Mzee Tofu akapaliwa na kahawa.

— Na hao wa Tokyo nani aliwafundisha? Profesa akaruka. Si sisi?

— Jamani, miguu inaniuma, fundi akaita. Niandike elfu ngapi?

— Andika miaka kumi na tisa tu, tangu nifungue mlango huu, alisema Tak. Hiyo yote nilikuwepo.