Mbuzi Watatu wa Ntheo na Barua ya Kizungu

Mama mwenyekiti, wanachama wenzangu, na nyinyi mlioingia kwa sababu mmenusa chai, mwi aseo? Mko salama?

Nimepewa dakika kumi. Nikizipita nipigeni faini, kwani nimeshazoea. Nimekuja kusema vile nilianguka na vile niliinuka, na sitataja jina la mtu. Hata mkinikodolea macho, sitataja. Kukiwa na mama hapa ataanza kucheka peke yake, hayo ni yake. Na huyo mbuzi mnayemsikia hapo nje, nimemfunga kwenye geti mimi mwenyewe. Mwacheni alie. Nitamfikia.

Nyote mnaniita Karani. Nilikuwa karani wa shule miaka mingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandikia wazazi barua za karo. Fee arrears. Overdue. Outstanding balance. Nilipostaafu, shule ilibaki na mashine yake ya kuandikia, mimi nikaondoka na hayo maneno. Nikaweka meza pale sokoni Kasikeu, karibu na duka la dawa za mifugo, nikachongesha muhuri, nikaanza kuandikia watu barua. Mtu akikataa kukulipa, unakuja na shilingi mia moja, nakuandikia barua ya Kizungu ya kumdai. Ndugu zangu, nawaambia, barua zangu ziliogopwa! Kuna bwana mmoja alikuwa ameazima baiskeli ya mwenzake akakaa nayo miaka miwili. Barua iliposomwa ikafika pale nilipoandika "failure to which", hakungoja kuelezwa maana. Aliinuka hapo hapo akarudisha baiskeli, na pampu juu, ambayo hata hakuwa ameazima.

Basi nikavimba kichwa. Nikaanza kuamini kwamba deni ni kitu cha watu wengine, na mimi ni mtu wa kuliandika tu.

Sasa kijana wangu akapata msichana wa Migwani. Msichana mzuri, mpole, lakini mpole wa kuogopwa, mtaona. Na nyinyi mnajua mambo yetu ya ntheo. Hata mfunge harusi kanisani na keki ya ghorofa tatu, kama hamjapeleka wale mbuzi watatu kwa kina msichana, huyo bado si mke wenu. Siku moja mtu atakuja kuwauliza, na mtakosa la kusema. Mimi nilikuwa na kuku saba na muhuri. Mbuzi sikuwa naye hata mmoja.

Kuna mama mmoja wa huku kwetu anafuga mbuzi. Ni mjane, mkubwa wangu kwa umri, namwita mwaitu vile tunawaita mama zetu. Nikaenda kwake nimevaa koti. Nikamwambia, "Mwaitu, nipe mbuzi watatu. Nikivuna ndengu nitakurudishia mbuzi watatu kama hawa." Akaniangalia sana. Akasema hao mbuzi alikuwa amewapangia kuwauza apate tanki la maji, kwa sababu magoti yake yamekataa kwenda mtoni. Lakini ndoa ya mtoto haingoji, akasema, nichukue. Nikatoa karatasi niandike. Akacheka. "Weka karatasi yako, Karani. Wewe ni mtu mzima. Umesema ndengu, ni ndengu."

Tukaenda Migwani. Tukapokelewa vizuri sana, isipokuwa beberu mmoja alikula ukurasa wa kwanza wa hotuba yangu, kwa hivyo nikaanzia ukurasa wa pili na hakuna aliyegundua. Wakapokea mbuzi, wakafurahi, tukarudi na bibi arusi. Kila mtu akasema, kweli Karani ni mtu mkubwa.

Ndengu zikaiva. Aki zilikubali mwaka huo! Nikauza. Pesa ya mbuzi watatu nikaishika kwa mkono huu. Halafu nikaenda mjini Wote kwa shughuli nyingine, nikapita duka fulani, nikaona mashine ya laminating. Ile inayofunika karatasi kwa plastiki inang'aa. Nikajiambia, Karani, ukiwa na hii, karatasi zako hazitaliwa tena na mbuzi. Mnacheka? Mimi niliona hiyo ni akili. Nikainunua. Mbuzi wa mwaitu wakaingia kwenye plastiki.

Mwezi ukaisha, mwaitu akaja mezani kwangu. Hakuja kwa ukali. Aliniuliza tu, "Karani, ndengu zilikuwaje?" Na mimi badala ya kumwambia kitu, nikakohoa, nikarekebisha miwani, nikamjibu kwa Kizungu. "Mama, your matter is pending." Akaniangalia, akasema asante, akaenda zake. Mwezi uliofuata nikamwambia, "It is being processed." Akasema asante. Wa tatu, nikamwambia tuko kwenye grace period. Wa nne nilikuwa nimeishiwa, nikamwambia, "We are restructuring." Asante, Karani, Mungu akubariki. Na kila akienda, majirani wa soko walikuwa wananitazama kama mtu anayeshughulika na mambo mazito ya serikali.

Nilijiona mjanja sana. Niseme ukweli kwa sababu nimesimama mbele ya watu: nilijiona mjanja, na sikulala vizuri. Maana njia ya mtoni inapita mbele ya meza yangu. Kila asubuhi nilimwona mwaitu akishuka na mtungi wa plastiki wa lita ishirini, na kila akirudi alikuwa anapumzika mara tatu. Akipumzika karibu na mimi, ninainamisha kichwa kwenye karatasi. Wakati mwingine karatasi yenyewe ilikuwa haina kitu.

Sasa sikieni.

Ilikuwa siku ya soko. Kulikuwa na watu kama wanane wanangoja barua. Mwaitu akaja, akapanga foleni kama wengine, zamu yake ikafika, akaketi. Nikaanza kutafuta Kizungu cha mwezi wa tano. Akaniambia, "Leo sikuja kuuliza. Nimekuja kuandikiwa barua ya kudai. Ile kali."

Wueh, nilivyopumua! Nikajua amepata mdeni mwingine. Nikachukua karatasi safi. "Jina la mdaiwa?"

"Jina tutaweka mwisho. Andika kwanza tabia zake."

"Ana tabia gani?"

"Ni mtu mzima. Amesoma. Aliahidi kwa mdomo wake, na pesa alipata, akanunua kitu kingine."

Ndugu zangu, nilikasirika! Nikawageukia wale waliokuwa kwenye foleni nikawaambia, watu kama hawa ndio wanaharibu nchi. Nikamwambia mwaitu, huyu tusimbembeleze, huyu tumwandikie "wilful defaulter", na nikalipigia mstari mara mbili. Nikaandika overdue, nikaandika arrears, nikaandika outstanding balance, nikaandika final demand, nikaandika failure to which. Sijawahi kuandika barua tamu kama ile. Kalamu ilikuwa inakimbia yenyewe.

"Haya, mwaitu, anadaiwa nini huyo?"

"Mbuzi watatu."

Kalamu ikasimama.

"Jina sasa," akasema. "Andika lako."

Hakuna mtu alicheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Hata mwenye duka la dawa za mifugo alizima redio. Nikaandika jina langu, yote matatu, kwa mkono wangu. Mwaitu akasema, "Sasa nisomee. Na kila neno la Kizungu, uniambie ni nini."

Nikasoma. Overdue, maana yake siku ya kulipa ilipita. Arrears, maana yake yale ya nyuma hayajalipwa. Outstanding balance, maana yake kuna deni limebaki. Wilful defaulter, nikaanza kufuta miwani. Akaniambia, endelea. Nikasema, ni mtu anayeweza kulipa na hataki. Final demand, ni kudai kwa mara ya mwisho. Failure to which, ni kwamba asipolipa, tutaonana kwa chifu.

"Sawa. Na yale uliyokuwa unaniambia mimi? Pending ni nini?"

"Ni bado, mwaitu."

"Na processed?"

"Ni bado."

"Na ile grace?"

"Ni bado pia. Lakini kwa upole."

"Na ile ya mwisho, ndefu?"

"Restructuring. Hiyo ni bado, tena hatujui mpaka lini."

Akatikisa kichwa. "Kwa hivyo mtu mzima na koti lake ameniambia bado mara nne, na mimi nimemshukuru mara nne, nikamwombea na baraka. Hiyo bado ungeniambia kwa Kikamba, Karani, ningekuelewa. Hata ningekungojea. Mimi nimengojea mvua maisha yangu yote, ningeshindwa kukungojea wewe?"

Jamani. Hapo ndipo nilianguka, ingawa nilikuwa nimeketi.

Na hakuwa amemaliza. Akasema piga muhuri. Nikapiga. Akasema weka kwa ile mashine ya mbuzi zangu, mvua isiilowanishe. Nikafunika barua kwa plastiki, ikang'aa. Nikamwambia kwa aibu, barua ni mia moja, plastiki hamsini. Akasema, "Hiyo ni pending." Hapo sasa wakacheka, mpaka yule wa duka akaegemea mlango. Kisha akanirudishia barua. "Mpelekee huyo mdaiwa mwenyewe. Na umsomee mke wa kijana wako. Yeye ameletwa na mbuzi zangu. Anapaswa kujua kama ni mke wa kwenu ama ni wa kwangu."

Nilitembea kwenda nyumbani na barua yangu chini ya kwapa. Nilitaka kuificha, lakini plastiki ile ilikuwa inang'aa juani, kila mtu njiani anauliza, Karani, hiyo ni cheti cha nini? Nikaita familia, nikaisoma. Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaenda jikoni, na wiki nzima nilikunywa uji bila sukari. Kijana wangu aliangalia viatu vyake. Mke wake, huyu mpole wa Migwani, aliuliza, "Baba, kwa hivyo mimi sijaolewa bado?"

Sikuwa na Kizungu cha kujibu hilo. Nikasema, "Bado, mama."

Asubuhi yake alichukua mtungi na kamba, akaenda kwa mwaitu. Hakununa na hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba, mpaka umalize, nitamchotea maji yule mwenye mbuzi." Kila siku akawa anapita mbele ya meza yangu akishuka mtoni, na ananisalimia kwa heshima. Ilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Nilimwonea huruma, nikajionea haya, na siku moja nilifunga meza mapema nikaenda nyuma ya duka nikalia, mwanaume na miaka yangu.

Ndipo nilikuja hapa kwenu. Mnakumbuka. Nilisimama hapa hapa nikasema kwa maneno machache: nadaiwa mbuzi watatu, sina pesa, nilizitumia vibaya, naogopa kupoteza mke wa mtoto wangu. Mlinifanyia nini? Kwanza mlinipiga faini ya kuchelewa. Halafu mkaketi na mimi. Nyinyi ndio mlinishauri niuze ile mashine, na mtu wa mjini Wote akainunua kwa bei ya hasara. Huyo akawa mbuzi wa kwanza. Mkanipa mkopo mdogo. Huyo akawa wa pili. Mwaitu akawauza wote wawili, na mvua hizi zilipoanza, maji ya bati yaliingia kwenye tanki lake jipya. Nilienda kuliona. Nililigonga kwa kidole, likajibu kwamba limejaa, na furaha niliyosikia, hata siku ya kustaafu sikuisikia.

Mbuzi wa tatu nimemtafuta kwa meza yangu. Barua bado naandika, lakini sasa nauliza kwanza: huyo unayemdai, ulishamwambia kwa mdomo? Na yule anayedaiwa akija kuniomba Kizungu cha kujifichia, namwambia hicho kimeisha.

Ndugu zangu, kama una deni, nenda kwa mwenyewe kabla hajakuja kwako, umwambie sina, kwa lugha ambayo atakusikia. Utaona haya siku moja tu. Mimi niliona haya mwaka mzima. Nawashukuru nyinyi wa chama, na faini zenu. Namshukuru mama watoto, sukari imerudi. Namshukuru pia mama mmoja ambaye nilisema sitamtaja...

Ee? Umesimama mwenyewe, mwaitu? Mimi sijakutaja, watu ni mashahidi. Basi njoo. Kamba ya mbuzi ile pale kwa geti, na huyo ni jike, nimempapasa, ana mimba. Hiyo ya tumboni sikuandikiwa, ni yako tu.

Hii ni nini? Mia na hamsini ya barua na plastiki? Mwaitu, hiyo ningesahau. Haya. Haya, napokea. Na barua unataka ibaki kwangu? Iko ukutani, mwaitu, haitoki. Plastiki ile ni nzuri.

Mkwe wangu, mama, uko wapi? Weka hiyo sufuria ya chai chini kidogo, nikwambie mbele ya watu. Deni limeisha. Leo umeolewa. Twende nyumbani.