Gauni Lililoachiwa Nafasi

Benchi lenyewe ni ubao wa kreti la cherehani uliopigiliwa juu ya magogo mawili, nje ya kibanda cha fundi nguo waliyembatiza Futikamba, kwa kuwa ile tepu yake ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani. Kulia kwake hukaa fundi simu wa kibanda cha pili, Dokta Simu, ambaye kila ugonjwa duniani amekwisha uona kwenye video. Kushoto hukaa Mstaafu, aliyekuwa mtunza stoo kiwandani na hadi leo huongea kama mwenye funguo mfukoni. Mama Kahawa huweka birika lake mbele yao na kuwavumilia. Hawa watu hawajawahi kushindwa na jambo. Walikwisha maliza vita na bei ya mafuta ya taa, na miezi michache nyuma wakalifikia tumbo la mke wa Futikamba.

Chanzo ni Futikamba mwenyewe, aliyeteleza ulimi siku moja akasema ndoa yake inazeeka na mtoto hapatikani. Dokta Simu akadaka. Akaeleza kwamba shemeji amenenepa, mafuta yameziba homoni, na dawa ni kufunga kula kwa saa: maji matupu mpaka jioni, kisha sahani moja, basi. Futikamba akaibeba hiyo hadi nyumbani. Mkewe alikuwa amechoshwa na maneno ya mawifi, hakubisha. Magauni yake yakaanza kupwaya, mume akawa anayapunguza kwa mkono wake na kuja kutamba benchini. Halafu mke akakosa siku zake, mwezi wa kwanza na uliofuata. Siku hiyo benchi zima lilipeana mikono kana kwamba mimba ni ya ushirika, na Futikamba akanunua kitambaa cha maua akakata gauni la mjamzito, lenye nafasi ya kutosha mbele.

Leo mke amekwenda zahanati kupima, amesindikizwa na dada yake. Gauni limetundikwa mlangoni, limebaki kupindwa tu, na Futikamba tangu asubuhi ameshindwa kutunga uzi.

— Mbona umenyong'onyea hivyo, bwana? — akauliza Mstaafu.

— Anasikia baridi, — akasema Futikamba. — Jua lote hili, yeye kalala na sweta. Na nywele zinabaki kwenye mto.

— Mimba hiyo. Mwili ni stoo, ndugu yangu. Ukiona rafu za juu zinapungua, ujue kuna chumba cha chini kinajazwa.

— Mimi nasema mwili unajisafisha, — akaingilia Dokta Simu. — Simu ikigoma unaifanyaje? Unaizima, unaiwasha. Homoni za shemeji zilizimwa, sasa zinajiwasha upya.

— Zitawaka lini?

— Inategemea na modeli.

Mama Kahawa akaacha kumimina.

— Mke wa mtu naye ana modeli?

— Mama, haya mambo ni ya kisayansi, — akasema Dokta Simu, akasogeza kikombe chake.

Futikamba akasema juzi alimkuta mkewe amekaa chini jikoni, anasema miguu imekataa. Alisema hivyo polepole, akitumaini mmoja wao atashtuka. Hakuna aliyeshtuka. Mstaafu alieleza kwamba damu isiyotoka kila mwezi haipotei, inawekwa akiba ya kujenga mifupa ya mtoto. Dokta Simu akaunga mkono: ndiyo sababu ya ile baridi, damu yote imeshuka chini. Kisha akaongeza kwamba mtoto wa mama anayefunga huzaliwa hajui njaa.

— Kwa huyo mtanishukuru. Atanyonya mara moja kwa siku, mnalala usingizi wenu.

Wakacheka. Futikamba naye akacheka, ila moyoni alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuanza leo. Ilikuwapo tangu siku alipompunguzia mkewe gauni la tatu na kuhisi mbavu chini ya pini. Aliinyamazisha kwa sababu alimtaka sana huyo mtoto.

Ndipo dada wa mkewe akatokea kwenye kona, peke yake, amebeba mikoba miwili.

— Karibu, shemeji, — Futikamba akainuka. — Mwenzio yuko wapi?

— Nimemlaza nyumbani. Hakuna mimba, shemeji.

Hakukaa. Aliyasema yote akiwa wima, kama mtu aliyeyarudia njiani asije akasahau. Daktari amesema mwili ukishinda na njaa miezi, unaweza kuzipunguza homoni zinazoendesha siku za mwanamke, siku zikasimama. Na siku zikisimama hivyo, kushika mimba si rahisi. Aanze kula vizuri, arudi kwa vipimo vingine.

— Lakini shemeji, kuna utafiti mmoja... — akaanza Dokta Simu.

Yule dada hata hakumtazama.

— Daktari kamuuliza anakula nini. Kajibu, nakula vizuri tu. Mimi sikumwamini. Wewe ndiye unayeishi naye, shemeji. Jana alikula nini?

Futikamba akaanza kukumbuka. Jana alirudi akakuta sahani yake imefunikwa. Mkewe alikaa upande wa pili wa meza na kikombe cha maji ya moto, akasema yeye amekwisha kula. Juzi vilevile. Naye alikula akashiba, huku akimsimulia ya benchini. Kiuno cha mkewe, mabega yake, urefu wa mkono wake, vyote alivijua bila kugusa tepu. Sahani ya mkewe aliitafuta kichwani, ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita, asiione. Akamgeukia Mstaafu, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Dokta Simu alikuwa anafuta kioo cha simu ya mteja ambacho kilikuwa safi.

Yule dada akaliona gauni mlangoni. Akalishika pale mbele, akakusanya kitambaa kilichozidi kwenye kiganja, kikajaa. Akakiachia.

— Mpelekee chochote anachokipenda, — akasema, akaondoka.

Mama Kahawa akainamisha birika, likatoa machicha. Akakusanya vikombe bila kumuuliza mtu kama amemaliza.

Futikamba akaivua tepu shingoni, akaiacha benchini, akavuka barabara hadi dukani.

— Nikupe nini, fundi? — akauliza mwenye duka.

Akaangalia rafu kutoka juu hadi chini, kisha akaanza tena juu. Nyuma yake watu wakaanza kupanga foleni.