Fundi Feni na Alama za Dakika Tano

Familia imeniomba niwasomee wasifu wa mdogo wangu, mliyezoea kumwita Fundi Feni. Imeniomba pia nisome bila hasira. Hilo la kwanza nitalitimiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa baba seremala na mama mshonaji. Alikuwa mbishi tangu anaanza kusema. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, akahitimu mwaka 1986. Redio ya baba aliifungua akiwa darasa la tano. Ilikuja kutoa sauti tena akiwa kidato cha pili.

Baada ya chuo cha ufundi alifungua karakana ya kompyuta, ghorofa ya pili, akaiendesha hadi mwisho. Huko ndiko alikopatwa na ile kazi isiyo na mshahara. Watafiti wa dawa wana hesabu nyingi kuliko mashine zao, basi huzigawa vipande vipande, na watu wa kujitolea huzifanyisha kompyuta zao nyumbani. Marehemu alitoa mashine nne, zote sebuleni. Feni za kuzipoza zilinguruma hata mgeni akitaka chumvi aliiomba kwa ishara.

Mwaka 1995 alimwoa wifi yangu, mwalimu wa chekechea, mwenye subira ambayo mimi sikujaliwa. Walipata mabinti wawili.

Mume wangu aliwahi kununua kompyuta ambayo prosesa yake, yaani ubongo wake, kwenye jaribio la kasi ilipata alama mara mbili ya zile kuukuu za sebuleni. Akatamba. Wakashindana mwezi mzima, nani atakamilisha vipande vingi zaidi. Ya mume wangu ilikaa ndani ya kabati, ikachemka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Ikashindwa vibaya.

"Shemeji," marehemu akamwambia, "zile alama zinapimwa dakika tano, mashine ikiwa baridi. Kazi ni wiki nzima. Ukitaka kujua nguvu yake, iangalie ikishachoka."

Maneno hayo tuliyasikia tena katika kila harusi ya ukoo huu.

Mwaka jana alianza kuishiwa pumzi kwenye ngazi za karakana. Wifi akamburuta hospitali. Akapimwa moyo amelala, ametulia, dakika chache tu. Majibu yakawa mazuri.

Daktari akamwambia, "Mzee, hiki ni kipimo cha mwanzo. Rudi wiki ijayo tukupime ukitembea."

Hakurudi. Kila wifi alipomkumbusha, alimwonyesha ile karatasi: "Mama watoto, si umeona majibu? Moyo uko safi."

Mtu yule yule! Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu wetu dawa alikuwa nayo mdomoni. Nimekasirika, na sitawaficha. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, kwenye ngazi zile zile, amebeba mashine ya mteja.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi dada zake wawili, na zile mashine nne. Jana nilinyoosha mkono niizime ile ya dirishani, angalau tuomboleze tukisikiana. Wifi akanishika.

"Wifi, iache. Kipande chake hakijaisha."

"Kitaisha lini?"

"Alisema Alhamisi. Nitaizima mwenyewe."

Basi mnaokuja kutupa pole, vumilieni kelele mpaka Alhamisi. Mume wangu naye siku hiyo ana miadi ya daktari, na atakwenda, nitampeleka mimi.

Mdogo wangu apumzike kwa amani, maana kupumzika akiwa hai alitushinda.