Papa Barthélemy Kabange na Kaye Zake Saba za Sinema (1929–1991)

Je, wewe uliyeshika karatasi hii, uliamini kwamba Papa Barthélemy Kabange alikuwa anaandika majina ya watu gizani? Jibu moyoni mwako kabla jeneza halijashuka. Wengi hapa Kalemie waliamini. Kwa miaka kumi na mitatu, popote alipoketi kutazama sinema, benchi lilibaki tupu kushoto kwake na kulia kwake. Na tangu Jumanne mikeka ya kilio iliyotandikwa uani kwake haijajaa. Jana mzee mmoja wa reli alisimama mlangoni, akaulizwa mbona haingii, akajibu: "Ninangoja kwanza nione nani anaingia." Basi wasifu huu hauwezi kumsifu marehemu tu. Lazima ueleze alichokuwa anaandika.

Papa Barthélemy alizaliwa Manono tarehe 14 Machi 1929. Baba yake alichimba bati, mama yake, marehemu Mama Léontine, alilima mihogo. Walizaliwa pacha. Kyungu alitangulia, yeye, Kabange, alifuata karibu saa nzima baadaye. Mama Léontine alizoea kuwaambia wageni: "Huyu hakuchelewa. Alikuwa anaangalia kwanza mwenzake anafanywa nini." Kyungu hakumaliza mwaka. Kabange alikua bila pacha wake, na tabia ya kuangalia kwanza haikumtoka.

Alisoma shule ya misioni huko huko Manono, kuanzia 1937 hadi 1943. Mwaka wa 1941 Padri alitundika shuka jeupe uwanjani akaonyesha sinema ya kwanza. Mamba alipofungua kinywa, watoto wote walikimbilia kanisani. Kabange alikimbia pia, lakini yeye alikimbilia nyuma ya shuka. Huko alikuta baiskeli ya Padri na mbuzi mmoja amefungwa kwenye mti. Alichapwa fimbo tatu kwa kuacha mstari, na baadaye alikuwa akisema kwamba fimbo zile zilikuwa bei nzuri, maana tangu siku ile alijua swali la kuuliza mbele ya kila picha: nyuma yake kuna nini?

Mnamo Februari 1948 alifika hapa, mji ukiitwa bado Albertville, akaajiriwa katika reli. Alianza kwa kubeba mataruma. Kuanzia 1952 akawa aiguilleur, yaani mtu anayegeuza reli ili treni ishike njia yake. Mzee aliyemfundisha alimpa sheria moja: "Usiamini taa, usiamini filimbi, usiamini chef. Enda, uguse chuma." Kwa hiyo kila alipovuta mkono wa kugeuzia reli alishuka, akatembea mpaka kwenye ulimi wa reli, akaugusa kwa mguu, ndipo akainua bendera. Madereva walimtukana kwa kuwachelewesha. Alifanya hivyo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1984, na hakuna behewa hata moja lililoanguka katika zamu yake.

Mwaka wa 1953 alimwalika binti mmoja, Clémentine, kwenye sinema ya wafanyakazi. Ilikuwa filamu ya watu wa bunduki na farasi. Mama Clémentine ameyasimulia maongezi yao kwa familia mara nyingi.

"Farasi yule hajakula," kijana alimnong'oneza.

"Nani?"

"Farasi. Toka tuliketi hajagusa hata jani. Na anakimbia tu."

"Weye Barthélemy, tulikuja kuangalia farasi, ama bwana mwenye kofia?"

"Angalia basi kofia. Ameanguka mutoni, anatoka, kofia njo kavu kabisa."

Binti alicheka mpaka watu wakamzomea. Walifunga ndoa parokiani tarehe 8 Mei 1954, na Mungu akawajalia Siméon, Victorine na Denise.

Mwaka wa 1963 alichukua kaye, yaani daftari, ya shule ya Siméon iliyobaki na kurasa nyeupe, akaanza kuandika maoni yake juu ya kila filamu. Zimefika kaye saba, na familia imezisoma zote tangu Jumanne. Hakuna jina la mtu aliyeshtakiwa ndani yake. Walioshtakiwa ni wengine kabisa. Juu ya filamu ya karate aliandika: "Watu ishirini wanapigana na mumoja, lakini kila muntu anangojea zamu yake kama kwa dispensaire. Kwetu wangemurukia wote pamoja." Juu ya filamu ya Mateso ya Bwana Yesu iliyoonyeshwa Ijumaa Kuu ya 1969: "Pilato ana alama nyeupe ya saa kwa mukono. Nimeungama kwa Padri kwamba nimeiona. Padri amesema na yeye ameiona." Juu ya shujaa aliyegeuza njia ya treni kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umemkumbatia mwanamke, aliandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: "Hapana."

Lakini hakuwa mtu wa moyo mkavu. Kuna filamu ya Kihindi ya mwaka wa 1972, ya mama anayemtafuta mwanawe, ambayo aliiandikia ukurasa mzima. Alianza na mvua, iliyokuwa inanyesha upande mmoja wa barabara tu. Akaendelea na mama, ambaye alizeeka nywele bila kuzeeka mikono. Mwisho akaandika: "Nimeona uongo wote huu, na nimelia. Filamu imenishinda. Watu wote walilia."

Chini ya mstari huo kuna maneno mekundu yaliyoongezwa na mkono mwingine: "isipokuwa mwalimu." Mkono huo ni wa Mwalimu Grégoire, aliyefundisha darasa la sita, mume wa Mama Henriette wa mtaa wa Kataki. Alianza kuketi na marehemu mwaka wa 1974, na yeye peke yake aliruhusiwa kuzisoma kaye. Alizisoma kwa mwanga uliovuja kutoka kwenye mashine ya sinema, akiwa na kalamu yake nyekundu ya risasi.

"Hapa umesema uongo, Papa Kabange. Mimi singelia kwa filamu hiyo."

"Ulijipangusa macho. Nilikuona, mwaka ule ulikaa mbele yangu."

"Vumbi."

"Vumbi gani, na mvua ilikuwa inanyesha mule ndani?"

Sasa tufike pale ambapo kila mtu alikuwa anangoja tufike. Jumamosi tarehe 17 Juni 1978, kabla ya filamu yenyewe, ilionyeshwa filamu ya habari. Ilikuwa na hospitali mpya, vitanda vimepangwa, mashuka meupe, wagonjwa wanatabasamu. Wakati huo katika mji huu mgonjwa alikwenda hospitali na godoro lake kichwani. Mwalimu Grégoire alicheka kwa sauti akasema: "Watuonyeshe njia ya kwenda kule, tuko na wagonjwa!" Watu wengi walicheka naye. Kabla ya usiku kwisha walikuja watu wawili nyumbani kwake wakamchukua.

Asubuhi mji ulitafuta nani alimsema kwa wakubwa, na mji haukutafuta mbali. Nani anaandika gizani? Nani anaketi naye kila Jumamosi? Na waliokuwa stesheni Jumapili ile walithibitisha: mwalimu alipokuwa anapelekwa na treni ya Kabalo, alimtupia Kabange kitu usoni, kama mtu anavyomfukuza mbwa. Walisema ni jiwe. Wengine walisema ni mate. Mwalimu hakurudi, na hadi leo hakuna aliyemwambia Mama Henriette alilala wapi. Tangu siku ile Mama Henriette hakujibu salamu ya marehemu.

Kwa nini marehemu hakufungua kaye na kuwaonyesha watu? Mama Clémentine alimwuliza hivyo hivyo, akilia, wiki ile ile.

"Waonyeshe kaye, Papa Siméon! Watatuua kwa macho."

"Soma kwanza nilichoandika Jumamosi."

Aliusoma ukurasa ule. Uko katika kaye ya tano: "Mugonjwa wa kitanda cha tatu njo yule aliyepiga makofi kwa mukutano, katika filamu ya mwezi uliopita. Shati tu wamemubadilishia. Hospitali ile haina nyuma. Nyuma ya shuka ni baiskeli na mbuzi."

"Umeona?" alimwambia. "Nikiionyesha, nitakufa mara moja, na weye pamoja na mimi. Nikiificha, nitakufa pole pole. Acha nife pole pole, watoto wakue."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Enyi mliokuwa mnanyamaza alipopita sokoni, mlikuwa mnamwadhibu mtu kwa kosa la jirani yenu ambaye hadi leo hajulikani. Familia imeulizwa kama kaye zinamtaja aliyemsema mwalimu. Hazimtaji. Familia ina watu inaowashuku, na haitawataja, kwa sababu kumtaja mtu bila kugusa chuma ndiyo dhambi aliyotendewa marehemu. Lakini mwaka huu watu wanaanza kusema mchana yale waliyoyameza miaka yote, na kaye hizi nazo zimetoka chini ya kitanda.

Hakuacha kuandika. Alipostaafu alitazama video kwa jirani yake, Papa Augustin, ambaye hakumwogopa, au alimwogopa akamkaribisha hivyo hivyo. Juu ya mfululizo wa matajiri wanaokunywa na kugombana aliandika mwaka wa 1987: "Wanamimina, wanaonja kidogo, wanaacha glasi kwa meza, wanatoka kwa hasira. Vipindi kumi na nne sasa. Nani anasafisha glasi zile? Huyo muntu njo ningependa kumuona." Mwaka wa 1989 mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili. Aliendelea kuketi mbele ya televisheni na kumwambia Victorine maneno ya kuandika. "Mvua hiyo ni muchanga juu ya karatasi," alisema. "Na mwanamuke anayelia hana kamasi."

Mwezi wa Aprili mwaka huu damu ilimpanda kichwani, upande wa kushoto ukalegea. Alilazwa wiki tatu, kwa godoro la nyumbani, kisha akaomba arudishwe. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 1991, saa kumi na moja ya asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: alitaka kujua kama kweli kumekucha, au wamewasha taa tu. Mama Clémentine alifungua dirisha ili asikie majogoo.

Ameacha mjane, Mama Clémentine. Watoto watatu, Siméon, Victorine na Denise. Wajukuu kumi na mmoja. Na mpwa wake anayesoma karatasi hii. Bwana ampokee mahali ambapo hakuna shuka, na akitaka kutazama nyuma, aachwe atazame.

Kabla ya kumfunika, familia inaomba jambo moja. Msiamini wasifu huu. Wasifu ni maneno ya ndugu, na marehemu mwenyewe asingeuamini. Kaye saba ziko juu ya meza kando ya jeneza, njooni mzifungue. Katika kaye ya tano mtaona kwamba baada ya Jumamosi ile wino wa bluu unakwisha, na kuanzia Jumapili ameandika kwa nyekundu. Na kalamu hiyo nyekundu iko pale pale, kipande kirefu kama kidole gumba. Mama Henriette, kama uko hapa, wewe ndiwe utakayejua meno yaliyoitafuna nyuma. Maandishi yake mekundu ya kwanza si ya sinema. Yanaeleza alichokiona asubuhi ile, akiwa kazini.

Jumapili tarehe 18 Juni 1978, treni ya Kabalo iliondoka saa moja na nusu. Kabange alikuwa amegeuza reli, ameigusa kwa mguu, ameinua bendera. Behewa la mwisho lilipita mbele yake polepole, na katika dirisha lake aliketi Mwalimu Grégoire kati ya watu wawili. Mwalimu alimwona. Aliweka mkono katika mfuko wa shati, akatoa kitu, akakirusha kwa nguvu kupitia dirishani, na watu wote waliokuwa stesheni wakaona. Kilimpiga Kabange shavuni kikaanguka kati ya reli. Yeye hakuinama. Alingoja behewa livuke, akarudisha reli mahali pake, akashuka kuigusa. Ndipo akaokota kalamu nyekundu, akaipangusa kwa shati lake. Ilikuwa imechongwa vizuri, tayari kuandika.